Habari za Vihesabio vya Kompyuta na Kasoro Zake, kwa Mfano wa Simu za Gerezani

Katika mitaa ya Gerezani na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, neno "zito" limejipatia maana ambayo wazee wa mji huo hawakuijua. Mtu humpelekea fundi simu yake akasema, "Fundi, simu nzito," na fundi haichukui simu hiyo kuiweka juu ya mizani. Ajua mara moja kwamba simu haikuongezeka hata gramu moja, bali inachelewa kuitikia: kioo chaguswa na hakisikii, programu yaitwa na haiji, au yaja kisha yaganda. Lugha imefanya jambo la busara hapa. Imelitwaa neno la sokoni, mahali ambapo kila kitu hupimwa kabla ya kulipiwa, ikalipeleka kwenye uzito ambao mteja na fundi wote wawili huukadiria kwa mkono na kwa subira zao tu. Walakini mizani ya uzito huo ipo. Imo ndani ya simu yenyewe, imefungwa mahali ambapo bisibisi ya fundi haifiki, na historia ya kuitengeneza mizani hiyo ni historia ya makosa mengi, mengine madogo kiasi cha neno moja.

Gerezani panafaa kuanzia habari hii, si kwa sababu mashine hizo zilibuniwa huko, bali kwa sababu huko na kwa jirani yake Kariakoo ndiko zinakouzwa, zinakofunguliwa na zinakofufuliwa. Tena ni mahali palipozoea maneno yanayohama. Neno gereza lilitokana na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Watu wa pwani wakalitumia kwa ngome, kama ile iitwayo Gereza hata leo huko Kilwa Kisiwani. Kisha likawa nyumba ya wafungwa, na mwisho likawa jina la mtaa ambamo watu huru huenda kutafuta riziki. Kariakoo nayo yatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Na ni mahali palipozoea kubishania vipimo. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi hata likashonewa kichwa juu ya mdomo wake, ni neno linalofahamika kwa kila mchuuzi wa viazi, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umepigana nayo miaka mingi. Anayeuza kwa lumbesa hakosei kuhesabu magunia. Magunia ni kumi na yamehesabiwa kumi. Kilichoharibika ni kipimo chenyewe, na ndiyo maana ugomvi wake ni mgumu kuumaliza.

Ndani ya prosesa, yaani kile kidude kinachotenda amri zote za kompyuta, mna rejista chache zilizotengwa kwa kazi ya kuhesabu. Rejista hizi, ambazo katika makala haya zitaitwa vihesabio, hazihesabu fedha wala maneno; huhesabu matukio ya prosesa yenyewe. Amri ngapi zimekamilika. Mara ngapi prosesa ilitafuta data katika akiba yake ya karibu ikaikosa, ikalazimika kuifuata mbali katika kumbukumbu kuu. Mara ngapi ilikisia njia ambayo programu ingefuata, ikakisia vibaya na kurudi nyuma. Programu mbili zaweza kutenda amri sawasawa kwa idadi, na moja ikawa nzito mara kadhaa kuliko mwenzake, kwa kuwa tu hiyo moja hukosa data yake karibu na kwenda kuitafuta mbali. Mwenye kuitazama kwa nje haoni tofauti hiyo isipokuwa katika saa. Kihesabio chaiona.

Mwenye kusimamia vihesabio ni kiini cha mfumo wa uendeshaji. Hapa msomaji aliyezoea tafsiri za kisasa aweza kuuliza kwa nini isisemwe kokwa. Kokwa lina umbo linalofaa, maana limo katikati ya tunda. Lakini kokwa hutupwa tunda likiisha kuliwa, ilhali kiini cha yai ndicho hasa kiliwacho. Kiini cha mfumo hakitupwi kamwe. Ndicho sehemu ya programu inayokaa kati ya vifaa na programu nyingine zote, ikigawa muda wa prosesa, kumbukumbu na ruhusa, na programu yoyote ikitaka kusoma kihesabio hupitia kwake. Vihesabio ni vichache. Prosesa ya kwanza ya Pentium ilikuwa na viwili tu. Za jamii ya Nehalem, zilizotoka mwaka 2008, zilikuwa na vinne vya matumizi yoyote na vitatu vya kazi maalumu. Watakao kuhesabiwa wakizidi vihesabio, kiini huwapangia zamu, kisha hukadiria jumla kutokana na muda ambao kila mmoja alipata. Kwa hiyo hata namba inayotolewa kwa unyofu yaweza kuwa makadirio, na asiyelijua hilo huichukua kama hesabu ya mwisho.

Kuhusu kompyuta na hesabu zake, Dar es Salaam ina kumbukumbu ya uchungu iliyotangulia simu kwa muda mrefu. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kusudi lilikuwa kuharakisha hesabu za serikali. Mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa. Kazi ya kuhamishia hesabu kwenye mashine ilikwama, na wa kuikwamua walikuwa wataalamu wa kigeni. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wengi wa kizazi cha baadaye wameicheka amri hiyo, wakiiona kama hofu ya watu wasiopenda mambo mapya. Si haki kuicheka hivyo tu. Mtu aliyepewa mizani asiyoruhusiwa kuifungua, akaiona hailingani na mzigo, ana njia mbili: kumsubiri aliyemwuzia, au kuitoa dukani. Tanzania ya mwaka 1974 haikuwa na njia ya tatu, yaani kuifungua na kuisahihisha yenyewe.

Njia hiyo ya tatu haikuwepo hata katika nchi zilizotengeneza mashine. Mashine kubwa za Cray X-MP za miaka ya 1980 zilikuwa na vihesabio vya kupima mwendo wake, lakini hizo zilikuwa mashine za maabara chache. Vihesabio viliwafikia watu wa kawaida kwa Pentium, iliyotolewa na Intel mwezi Machi mwaka 1993, na vilifika vikiwa siri. Maelezo yake yalikuwa katika kiambatisho cha kitabu cha mwongozo kilichojulikana kwa herufi H, ambacho hakikutolewa ila kwa aliyetia sahihi ahadi ya kutosema. Mtu alinunua prosesa, akailipia, vihesabio vikawa vyake, lakini hakuambiwa vipo wala namna ya kuvisoma. Mnorwei mmoja, Terje Mathisen, akavichunguza kwa kujaribu namba moja baada ya nyingine na kutazama kilichobadilika, akachapisha matokeo yake katika jarida la Byte mwezi Julai mwaka 1994. Prosesa iliyofuata, Pentium Pro ya mwaka 1995, ilitoka na maelezo ya wazi. Siri iliyokwisha kutangazwa haikuwa na faida kwa mtu.

Wakati huo mfumo wa Linux ulikuwa umekwisha kuzaliwa. Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, aliutangaza mwaka 1991, na mwaka 1992 akauweka chini ya leseni inayomruhusu kila mtu kuusoma, kuubadilisha na kuutoa upya, kwa sharti kwamba anayeutoa atoe na maandishi yake. Tofauti yake na mashine ya 1965 ilikuwa hapo. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam idara ya sayansi ya kompyuta iliitumia ruhusa ya namna hiyo katika mradi wa KiLinux, na mwaka 2004 ikatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kutoka menyu ya kwanza hadi ya mwisho. Kazi ile haikugusa kiini cha Linux. Walakini ilithibitisha jambo moja, kwamba maandishi ya ndani ya programu yaweza kusomwa na kuandikwa upya hapa hapa, na mtu asiombe ruhusa kwa yeyote.

Kuingiza vihesabio katika kiini cha Linux kulichukua muda mrefu kuliko msomaji angedhani. Mikael Pettersson wa Uswidi aliandika nyongeza iitwayo perfctr. John Levon aliandika OProfile, ambayo iliingizwa rasmi mwaka 2002. Stéphane Eranian alitumia miaka mingi kujenga perfmon, ambayo wengi walidhani ndiyo itakayokubaliwa. Haikukubaliwa. Mwezi Desemba mwaka 2008 Thomas Gleixner na Ingo Molnar walitoa pendekezo lao la ghafla, fupi zaidi na lenye kukiachia kiini kazi nyingi zaidi, na hilo ndilo lililoingia katika toleo la 2.6.31 mwezi Septemba mwaka 2009. Katika toleo lililofuata likaitwa perf_events, jina linalotumika hata sasa. Waliotumia miaka mingi kwa njia nyingine hawakufurahi, na si vigumu kuelewa kwa nini. Mwezi Julai wa mwaka uleule waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na kupakua toleo zima la kiini, jambo lililokuwa kazi ya usiku kucha au zaidi, kukawa kazi ya muda mfupi.

Kabla ya kusimulia kasoro zenyewe, inafaa kulitazama neno. Waingereza huiita kasoro ya programu mdudu, na kisa kinachopendwa ni cha nondo aliyekutwa ndani ya mashine ya Harvard mnamo Septemba 9, 1947, akabandikwa katika daftari la kazi. Kisa ni cha kweli, lakini neno ni la zamani kuliko nondo huyo. Thomas Edison alilitumia katika barua ya mwaka 1878. Kiswahili hakihitaji mdudu. Kina kosa, dosari, hitilafu na ila, na juu ya yote kina kasoro, neno lenye manufaa ya pekee katika habari hii. Maana kasoro ni upungufu wa kitu, na papo hapo ni alama ya kutoa katika hesabu ya saa: saa nne kasorobo, saa mbili kasoro dakika tano. Neno moja lataja kosa na lataja namba iliyo chini ya sifuri. Kwa vihesabio maana hizi mbili zilikutana.

Namba za kasoro zimo katika matumizi ya kila siku ya kihesabio. Mpimaji hataki tu kujua jumla. Ataka kujua ni wapi katika programu matukio yanatokea. Basi, akitaka kupewa habari kila matukio laki moja, kiini hukijaza kihesabio thamani ya kasoro laki moja na kukiacha kipande. Kikifika sifuri hufurika, nacho kwa kufurika huleta katizo: prosesa huacha ilichokuwa inafanya, huingia katika kiini, na kiini huandika mahali programu ilipokuwa. Mahali panapoandikwa mara nyingi ndipo penye uzito. Njia hii ni nzuri, na ina mitego miwili ya wazi.

Mtego wa kwanza ni upana wa rejista. Katika prosesa za Intel za wakati huo kihesabio kilikuwa na biti 40 au zaidi, lakini mwenye kuandika thamani mpya aliweza kuandika biti 32 za chini tu, na biti zilizobaki zikajazwa kwa kufuata ile ya juu kabisa katika hizo 32. Thamani kubwa ikiandikwa bila kukumbuka jambo hilo hugeuka kuwa nyingine kabisa, na kihesabio hufurika wakati usio wake. Watengenezaji wa Linux walikata shauri wasicheze na mpaka huo: kiini hakiandiki kipindi kinachozidi matukio 2,147,483,647 kwa mara moja, hata mtumiaji akiomba zaidi, na anayeomba zaidi hupewa kwa mafungu. Ni marekebisho yasiyopendeza macho, lakini ni salama.

Mtego wa pili ni katizo lenyewe. Ili hata sehemu za kiini zinazojikinga na makatizo ziweze kupimwa, katizo la vihesabio katika prosesa hizo hutumwa kwa njia isiyoweza kukataliwa. Laja wakati wowote, hata kiini kikiwa katikati ya kazi ambayo haikupaswa kukatwa. Msimbo unaolishughulikia, kwa hiyo, hauruhusiwi kungoja kufuli yoyote, maana mwenye kufuli aweza kuwa ndiye huyo aliyekatizwa, nao wangengojana milele. Zaidi ya hayo, ukigusa kumbukumbu isiyokuwepo na kosa hilo likashughulikiwa, amri ya kurudi kutoka katika kosa hufungua mlango kwa katizo jingine la aina ileile, ambalo huja na kufuta maandishi ya la kwanza. Steven Rostedt alishughulikia udhaifu huo, na kazi yake ikaingia katika toleo la 3.3 la mwaka 2012. Kasoro hiyo ilitokana na desturi ya prosesa yenyewe, na programu ndiyo iliyobebeshwa mzigo wa kuizunguka. Hali kadhalika kwa prosesa za Nehalem: vihesabio vyake vilikuwa na kasoro iliyokiri kuwepo katika orodha ya Intel, na tangu mwaka 2010 kiini huviandikia kwanza thamani fulani maalumu kabla ya kuvitumia, kana kwamba kinagonga mizani ili sindano irudi sifuri.

Yafaa kusema kwa nini kasoro za namna hii hukaa muda mrefu bila kuonekana. Programu inayokosea mishahara hugunduliwa siku ya mshahara. Kipimo kinachokosea hakigunduliki kwa urahisi, kwa kuwa chenyewe ndicho kinachoulizwa ukweli. Vince Weaver na Sally McKee walipouliza mwaka 2008 kama vihesabio vyaweza kuaminiwa, walilazimika kuendesha programu zilezile mara nyingi katika prosesa za aina mbalimbali ili kuona namba zinavyotofautiana.

Kasoro iliyoleta hofu kubwa kuliko zote, hata hivyo, haikuwa katika kuhesabu bali katika kupokea ombi la kuhesabiwa. Mtumiaji anapotaka kihesabio hukipa kiini namba ya tukio, na namba hiyo husafiri ikiwa na biti 64. Katika msimbo ulioandikwa mwaka 2010, kiini kilipoipokea namba hiyo kwa matukio ya aina fulani kiliimimina katika chombo cha biti 32 chenye kukubali kasoro. Nusu ya juu ya namba ikakatwa. Na kama biti ya juu ya nusu iliyobaki ilikuwa moja, kiini kiliisoma namba hiyo kuwa chini ya sifuri. Kisha kikauliza swali moja tu: je, namba hii imezidi idadi ya matukio yanayojulikana? Namba ya kasoro haijazidi kitu. Ikapita. Bawabu aliagizwa asiwaruhusu warefu, naye akamwacha apite mtu aliyekuja akitambaa.

Namba iliyopita ilitumika kama nafasi katika jedwali. Nafasi ya kasoro moja katika jedwali ni mahali palipo kabla ya mwanzo wa jedwali, yaani kumbukumbu ya kitu kingine, na hapo kiini kikaongeza moja. Mambo hayakuishia hapo. Mtumiaji alipomaliza na kihesabio kufungwa, sehemu nyingine ya msimbo ilipunguza ile moja iliyoongezwa. Lakini sehemu hiyo iliisoma namba ileile kwa biti zote 64 na bila kasoro. Kwa hiyo iliyokuwa kasoro moja wakati wa kufungua ilikuwa zaidi ya bilioni nne wakati wa kufunga. Kiini kiliongeza mahali pamoja na kupunguza mahali pengine, na mahali pote pawili palichaguliwa na mtumiaji asiye na cheo chochote. Ni mfano wa muuza duka anayeandika deni katika daftari la jirani yake na kulifuta katika daftari la mtu wa tatu, na anayemwelekeza kurasa ni mteja.

Mwezi Aprili mwaka 2013 Tommi Rantala aliikuta kasoro hiyo. Hakuwa anaitafuta. Alikuwa akitumia Trinity, programu ya Dave Jones inayokitupia kiini maombi ya ovyo ovyo, mengi yasiyo na maana, ili kuona lipi litakiangusha. Marekebisho yake yalibadilisha neno moja katika mstari mmoja: chombo cha biti 32 chenye kasoro kikawa chombo cha biti 64 kisicho na kasoro. Maelezo yaliyoambatana yalitaja kwamba kiini hakikukagua biti zote na kwamba kiligusa kumbukumbu nje ya jedwali. Hayakusema kwamba hapo palikuwa na mlango. Aliyeyasoma upesi aliona usafi wa msimbo, kazi ya kila siku, na akaendelea na shughuli zake.

Mwezi uliofuata, Mei, ikachapishwa programu fupi ambayo mtumiaji wa kawaida aliiendesha na kuwa mwenye mamlaka yote ya mashine. Ilianza kwa kumwezesha mtumiaji kujua jedwali liko wapi, kwa kupunguza mahali palipoangukia katika kumbukumbu yake mwenyewe. Kisha ikaongeza moja mahali palipoelekeza makatizo ya prosesa, mpaka katizo likapotoka na kuingia katika amri alizoziandaa yeye. Maandishi yake yalikuwa na alama ya mwaka 2010. Kama alama hiyo ni ya kweli, basi kuna mtu aliyeijua kasoro hii tangu ilipozaliwa, akaiweka akiba miaka mitatu. Mashine zote zenye Linux kutoka toleo la 2.6.37 hadi 3.8.8, ambazo hazikupokea lile neno moja, zilikuwa wazi, na baadhi ya wasambazaji walikuwa wameihamishia kasoro hiyo katika matoleo ya zamani zaidi bila kukusudia, pamoja na mambo mazuri waliyokuwa wakiyahamisha. Ilipewa namba ya kumbukumbu CVE-2013-2094.

Weaver, ambaye sasa alikuwa Chuo Kikuu cha Maine, alichukua fundisho la Trinity na kuandika perf_fuzzer, programu ya kukitupia kiini maombi ya ovyo yahusuyo vihesabio peke yake. Ilikigandisha kiini mara nyingi, na kila mara ilipokigandisha kasoro nyingine iliandikwa na kurekebishwa. Mwaka 2016, katika toleo la 4.6, watengenezaji waliamua kwamba kwa desturi mtumiaji asiye na cheo asiruhusiwe kupima kiini chenyewe, bali programu zake tu. Watu wa vipimo walinung'unika, na walikuwa na haki: mizani iliyoletwa ili kila mtu aone ndani ya mashine ilikuwa imeanza kurudishwa ndani ya kabati, safari hii kwa hofu ya wezi na si kwa siri ya mwuzaji.

Sasa yafaa kurudi Gerezani, kwa kuwa Android, mfumo unaoendesha simu nyingi zinazouzwa katika mitaa ya Kariakoo, umejengwa juu ya kiini cha Linux. Mwaka uleule wa 2013 ile mbinu ya kuingilia kwenye namba ya kasoro ilihamishiwa kwenye simu za Android. Wenye kupenda kuzifungua simu zao kutoka katika mamlaka ya watengenezaji waliifurahia. Wenye kuandika programu za wizi waliifurahia pia. Kwa wale wa kwanza mlango ule ulikuwa ufunguo, na si ajabu kwamba mtu mmoja aliweza kuutukuza na kuulaani katika siku moja.

Marekebisho ya Rantala yaliyafikia matoleo rasmi ya Linux yaliyokuwa yakitunzwa katika muda mfupi. Kutoka hapo hadi kwenye simu iliyoko mfukoni mwa abiria anayesubiri basi la mwendokasi katika kituo cha Gerezani palikuwa na safari nyingine. Mtengenezaji wa prosesa ya simu ana nakala yake ya kiini, aliyoibadilisha kwa ajili ya vifaa vyake. Mtengenezaji wa simu ana nakala ya nakala hiyo. Kila mmoja wao hapana budi alitwae lile neno moja, aliweke, ajaribu, kisha amtumie mwenye simu. Na simu ya bei nafuu, iliyokwisha kuuzwa, haimpi yeyote kati yao sababu ya kufanya hivyo. Simu nyingi za namna hiyo ziliuzwa na kiini zilichozaliwa nacho na zikafa nacho. Leseni ya mwaka 1992 humpa mnunuzi haki ya kudai maandishi ya kiini hicho. Haki hiyo haikuandikwa kwenye boksi.

Usiku wa Juni 16, 2016 mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania ilizima simu bandia, na kwa siku kadhaa maduka ya Kariakoo yalijaa watu waliouliza kama simu zao ni za kweli. Kipimo kilichotumika kilikuwa namba ya utambulisho ya kila simu, ile ya tarakimu 15. Simu iliyokuwa na namba halali ilibaki hai, na kiini chake hakikuulizwa kitu. Basi simu halali, nzito, ilirudi kwa fundi, naye akafanya alichozoea kufanya kwa simu nzito: akaifuta yote, akaipakia upya faili la mtengenezaji, akaijaribu mbele ya mwenyewe ikaenda mbio kama mpya, akalipwa. Kama faili lile lilikuwa la kabla ya Aprili mwaka 2013, na kiini chake cha baada ya mwaka 2010, lile neno moja lilirudi pamoja nalo.